Uso Ulio Kwenye Theluthi

Kavilono, siku ya tatu baada ya sikukuu ya Mtakatifu Marseli, mwaka wa nane wa mfalme wetu

Kwa mume wangu Baudemiri, mfua sarafu, Trayekto kwenye mto Mosa.

Salamu. Mimi ni mzima, Flavia ni mzima pamoja na mimba yake, mbwa amekufa. Anayeniandikia ni Shemasi Siagri kama kawaida, na nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambie.

Jana Maurilio wa chumvi alifunga mashua yake akaja mpaka mlangoni kwetu, anachekacheka. Akaniwekea kiganjani sarafu moja ya theluthi. "Mama Flavia," akasema, "hebu iangalie hii dhahabu, uniambie kama ni kazi ya mzee."

Nikaitazama. Upande wa msalaba jina lako limezunguka ukingoni, herufi zote zipo. Nikamwambia ndiyo, ni ya mume wangu, ana jina gani lingine?

"Geuza," akasema.

Nikageuza. Baudemiri, huyu ni nani?

Usiniambie ni mfalme. Miaka ishirini na miwili umemchonga mfalme, na miaka yote hiyo mfalme ana pua yangu. Wafalme wamezikwa, wengine wametawazwa, pua haikubadilika. Ulinieleza mwenyewe mwaka tuliooana: mfalme hujapata kumwona, basi unachonga unachokiona kila asubuhi ukiamka. Mji mzima unajua. Wanawake kisimani hunitania, "Domnola, jana nimekupeleka sokoni nikarudi na nguruwe," nami huwaambia wanishukuru, maana wao waume zao hawawezi kuwauza hata kwa kuku.

Huyu wa sasa ana pua fupi. Kidevu kama yai la njiwa. Nywele zimesukwa zikazungushwa kichwani, msuko wa msichana asiyeolewa. Mke wa jirani alichungulia begani kwangu akasema, "Kumbe mfalme siku hizi ni mwari!" Nikacheka naye. Nilicheka mpaka nilipofika ndani nikafunga mlango.

Ulisema unakwenda mwaka mmoja, kwa sababu fundi wa Trayekto amefariki na dhahabu ya wachuuzi Wafrisia imejaa huko haina wa kuifua. Mwaka umepita na miezi mitano juu. Nijibu.

Mkeo,
Domnola

*

Trayekto, siku moja baada ya sikukuu ya Mtakatifu Martini

Mke wangu Domnola, salamu.

Nimefurahi kwa ajili ya Flavia. Mbwa nimemlilia.

Uso ni uso tu. Kila mji una mazoea yake, na watu wa huku wanapenda sura laini. Maurilio usimsikilize. Chumvi yake ina mchanga, na maneno yake vilevile.

Krismasi sitafika. Njia ni matope matupu na kazi imenizidi. Nimekutumia kitambaa cha sufu cha Wafrisia. Ni cha buluu. Nimeambiwa ni buluu nzuri sana, itakufaa kanisani.

Jitunze na baridi.

Mumeo,
Baudemiri

*

Kavilono, Jumapili baada ya sikukuu ya Tokeo la Bwana

Mume wangu,

Kitambaa kimefika. Ni buluu nzuri. Sasa nieleze: umeambiwa na nani? Wewe huna macho? Mume anamnunulia mkewe kitambaa, halafu anaambiwa na mtu kwamba ni kizuri. Basi huyo mtu ndiye aliyenichagulia. Nimekikunja nikakiweka chini ya sanduku, na panya wakikitaka nawakaribisha.

Barua yako nilimpa Siagri anisomee. Aliishika mbali na uso wake, akainamisha kichwa, akasema, "Mama, huyu aliyeandika si kasisi."

"Ni nani?"

"Mtu aliyejifunza herufi kwenye chuma. Tazama, kila moja imesimama peke yake kama nguzo. Na hizi zimeangalia nyuma, kama zinavyochongwa kwenye muhuri wa sarafu ili zikigongwa zitoke sawa."

Mwandiko wako naujua, na huu si wako. Nikampelekea Maurilio mtungi wa divai. Divai ilipofika nusu, akasema yote. Anaitwa Truda. Ni binti wa fundi aliyefariki, mnaishi nyumba moja, yeye na wewe na mama mpishi kiziwi. Anakushika mkono kwenda kanisani. Mbele za watu! Anakushika mkono kurudi. Mezani anakukatia samaki na kukutolea miba. Maurilio ameona kwa macho yake.

Baudemiri, mimi nilikutolea nini miaka ishirini na miwili? Hukuniruhusu hata kukufunga mkanda ulipoumia mgongo. Ulinifokea, "Mimi si mtoto!" Kumbe utoto ulikuwa unautunzia wengine.

Na kwa kuwa najua nani anakusomea, acha nimsalimie. Hujambo, kifaranga? Nasikia una kidevu kizuri. Kitunze, maana cha kuazima hakikai. Huyo unayemtolea miba nilimwokota mimi akiwa na shati moja na nyundo ya kukopa. Nimemfulia, nimemuuguza homa ya matumbo, nimemzalia watatu na nimezika wawili. Wewe umemkuta ameiva ukakaa mezani. Wewe ni

(Neno lililofuata sikuliandika. Siagri.)

Domnola

*

Trayekto, juma la pili la mwezi wa pili, kuna theluji

Mama Domnola, shikamoo.

Mimi ndiye kifaranga. Jina langu ni Adaltruda. Naandika mwenyewe na mzee hajui, kwa hiyo tafadhali usimwambie.

Aliniamuru nimsomee barua yako yote. Nilipofika pale penye salamu zangu niliruka. Akajua papo hapo. Akasema, "Domnola hawezi kukasirika kwa maneno machache hivyo. Rudi nyuma." Nikarudi, nikasoma uso ukiniwaka moto. Yeye alicheka sana kwenye ile nyundo ya kukopa. Halafu hakula siku hiyo, wala siku ya pili.

Mama, uso ule si wangu. Ni wa mama yangu mzazi. Alikufa nikiwa na miaka tisa, na ndio uso pekee ninaoweza kuuchonga nikiwa nimefumba macho. Mzee hakuuchonga. Niliuchonga mimi. Mihuri yote iliyopiga theluthi za hapa tangu mavuno ni kazi ya mkono wangu, jina lake pia nimelichonga mimi. Baba alinifundisha akiwa hai.

Kwa nini iwe hivyo siwezi kukueleza. Mzee aliniapisha kwenye kaburi la Mtakatifu Servasi, na huku kwetu mtu akivunja kiapo kile ulimi wake huvimba. Lakini hakuniapisha nisikuombe uje. Njoo, mama. Njoo ujionee.

Adaltruda

*

Kavilono, Ijumaa ya pili ya Kwaresima

Baudemiri,

Barua ya kifaranga wako nimeipata. Hukujua kama ameniandikia? Sasa unajua. Ati nije nijionee! Ananikaribisha nyumbani kwa mume wangu kama mwenye nyumba anavyokaribisha mgeni.

Tena amekuwa fundi. Jina lako analichonga yeye, na uso wa mama yake ndio unaozunguka nchi nzima badala ya wangu. Miaka ishirini na miwili nilikuomba unifundishe kushika patasi, hata kwenye nta tu, tucheke. Ulisema chuma si kazi ya mwanamke. Nikakuamini. Kumbe ulikuwa na maana si kazi ya mwanamke huyu.

Msimamizi wa dhahabu ya mfalme yupo mjini tangu juzi. Nimekwenda kwake mwenyewe kwa miguu yangu. Nikaweka theluthi mezani, na barua ya binti juu yake.

Akauliza, "Jina hili la nani?"

"La mume wangu. Alipewa idhini."

"Na mkono uliochonga?"

"Soma hapo. Amekiri mwenyewe."

Akasoma. Akasema sheria inajulikana: anayechonga muhuri wa dhahabu ya mfalme bila idhini hukatwa mkono. Atatuma watu.

Haya. Ulimpa mkono wako aushike. Sasa tuone utashika nini.

Nilidhani nitasikia utamu. Na kweli, kutoka mezani kwake mpaka kwenye daraja niliusikia. Baada ya daraja sikuusikia tena. Lakini hayo hayakuhusu.

Domnola

(Mimi Siagri nilimkataza. Alikwenda nikiwa kwenye misa. Naandika haya ili ujue kwamba leo hajala na anakataa kuungama.)

*

Trayekto, Jumatano baada ya Pasaka

Mke wangu Domnola,

Watu wa msimamizi walitangulia barua yako kwa siku mbili. Kwa hiyo nilijua kwanza kwamba kuna aliyetushitaki, kisha Truda akanisomea ni nani. Alisoma bila kuruka. Nimemzoeza hivyo.

Walichukua mihuri, nyundo na mizani. Wakauliza nani mchongaji. Kabla Truda hajafungua mdomo nikasema, "Mimi." Mmoja wao akasogea karibu, nikamsikia anavyopumua. "Mzee," akasema, "hapa nimeinua vidole vingapi?"

Nikakisia. "Vitatu."

Wakacheka wote. Truda aliniambia baadaye kwamba alikuwa amekunja ngumi.

Basi sasa umejua. Mimi ni kipofu, Domnola. Si giza lote. Dirisha nalijua, na moto naujua. Uso siujui. Ilianza kwetu Kavilono, miaka miwili kabla sijaondoka. Kwanza zilinipotea nukta za kwenye ukingo wa sarafu, halafu herufi, halafu siku moja ukanionyesha jipu kidoleni, nikasema linapona, na kumbe sikuliona. Nilipopata habari ya Trayekto nikashukuru Mungu. Nikasema nitakwenda mahali ambapo mafundi hawanijui, nifanye kazi kwa vidole mpaka mwisho.

Kwa nini sikukuambia? Baba yako, nilipokuja kukuposa, aliniita maskini mwenye macho mawili mazuri. Ulicheka ukaniambia macho yanatosha. Maneno yale nimekaa nayo. Yakiondoka macho, kinabaki nini? Nilitaka yule uliyeolewa naye abaki huko kwako mzima, hata kama huyu mwingine anakufa huku polepole.

Pua yako nilijaribu. Siku nne nilimwelekeza Truda kwenye nta, namshika kidole, namwambia hapa ipande, hapa ishuke. Ilitoka ya watu wengine kila mara. Mwishowe nikamwambia, mwanangu, chonga unayempenda.

Msimamizi mwenyewe atakuja sikukuu ya Mtakatifu Servasi kutoa hukumu. Wanayo barua ya Truda, aliyoiandika kwa mkono wake. Nitasema amedanganya ili kujisifu. Nitasema nilichonga kabla ya giza. Wakitaka mkono, ninao mmoja usio na kazi. Wake una miaka kumi na tisa.

Wewe usije. Sikuapizi, wala usiogope. Sipendi tu uwepo siku hiyo.

Baudemiri

*

Trayekto, siku ya nne baada ya Mtakatifu Yohana

Kwa Shemasi Siagri, Kavilono.

Shemasi, baba yangu wa kiroho, salamu. Barua hii ukiisha kuisoma ichome, utaona kwa nini. Anayeniandikia ni Truda. Herufi zake zinazoangalia nyuma utazivumilia.

Uliponisomea ile barua ya Pasaka nilikutupia kigoda. Naomba radhi. Kesho yake nilikuwa ndani ya mashua ya Maurilio, nimekaa juu ya magunia, na tangu Kavilono mpaka tulipoacha mto tukapanda nyumbu hakuthubutu kusema neno. Nilifika Trayekto asubuhi ya hukumu yenyewe. Sikwenda nyumbani. Nilifuata watu mpaka uwanja wa kanisa.

Walikuwa wamesimama mbele ya meza, wawili. Nilimwona mume wangu. Nywele zimekuwa nyeupe. Truda alikuwa amemshika mkono, na nakuambia ukweli, Siagri, pamoja na yote niliyokuwa nimeyajua, kitu kilinichoma hapa kifuani, nikataka kumkwanyua pale pale. Kigogo cha mti kilikuwa kimeshawekwa, na shoka juu yake.

Nikapita katikati ya watu. Nikasema, "Mimi ni mke wake. Mimi ndiye niliyeshitaki."

Msimamizi akanikumbuka. Akainua barua ya binti. "Umekuja kuongeza?"

"Nimekuja kupunguza," nikasema. "Barua hiyo ni yangu. Nilimlipa mtu aiandike. Nilisikia mume wangu anaishi na msichana, nikashikwa na wivu, nikatunga."

Baudemiri aligeuza kichwa. Hakunitazama mimi, alitazama ilikotoka sauti yangu, kando kidogo.

"Mume wako ni kipofu," msimamizi akasema. "Kipofu anachongaje?"

"Alichonga kabla. Alikuja hapa anaona."

"Na uso huu ni wa nani?"

Siagri, wewe unaujua uso ule, nilikuonyesha. Na mimi unanijua. Nikasema, "Wangu."

Mtu akakohoa, mwingine akaguna, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Msimamizi akaichukua theluthi, akaisogeza shavuni kwangu, akatazama kile kidevu cha yai, akatazama changu. "Mama," akasema, "dunia imekutenda."

"Ndivyo nilivyokuwa siku ya harusi yangu," nikasema. "Mwanamume akiwa mbali na mkewe humkumbuka alivyokuwa msichana. Wewe wako unamkumbukaje?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Yeye hakucheka. Akanipeleka kwenye kaburi la Mtakatifu Servasi, akaniwekea mkono juu ya jiwe, nikaapa. Niliapa kwamba uso wa mama wa yule binti ni uso wangu, na kwamba mume wangu ndiye aliyeuchonga, kwa sababu hampendi mwingine ila mimi. Mbele ya Mungu ni uongo, najua. Ulimi haujavimba bado. Niambie toba yake ni nini, nitaifanya. Kujuta tu ndiko sikuwezi.

Walisugua dhahabu kwenye jiwe la kupimia, ikaonekana safi, haikuchanganywa fedha hata kidogo. Hiyo ndiyo iliyotuokoa, si maneno yangu. Msimamizi alitaka kula chakula chake cha sikukuu. Akaamuru mihuri ivunjwe, na jina la Baudemiri lisipigwe tena kwenye dhahabu ya mfalme popote. Nami, kwa kusingizia watu, nikahukumiwa kusimama mlangoni mwa kanisa miguu mitupu Jumapili tatu. Nimesimama. Bibi mmoja alinikaribia akauliza, "Ndiye wewe mwenye wivu?" Nikamwambia ndiye mimi, apite, anazuia jua.

Mihuri ilipovunjwa Baudemiri alisikiliza kila pigo la nyundo. La mwisho lilipokwisha akauliza, "Jina langu lilikuwa kwenye upi?"

Siku ile hakusema nami. Siku ya pili akaniambia niketi, akanigusa uso kwa vidole kumi, polepole, kuanzia nywele. Mimi nilikuwa nalia, yeye anachunguza tu kama fundi. Akasema, "Umekonda." Nikamwambia ni mashua ya Maurilio. Akasema, "Uliniuza, Domnola." Nikasema, "Nilikuuza." Hatujasema zaidi ya hapo, na sijui kama tutasema.

Tunaishi kwa kazi ya Truda. Anachonga vifungo vya mikanda na pete za shaba, hayo sheria haiyakatazi. Baudemiri anapitisha vidole na kumwambia wapi pamezidi. Huwa wanainamisha vichwa pamoja kwenye meza, wakitumia maneno ya kazi nisiyoyajua, nami nimekaa upande wa pili namenya vitunguu. Unadhani wivu umekwisha, Siagri? Haujakwisha. Truda ameinua kalamu hapa ananitazama. Nimemwambia aandike.

Anazijua hatua za watu wote, mume wangu. Za mpishi, za Maurilio, za paka. Juma lililopita nilirudi kutoka mtoni na ndoo, nikasimama mlangoni, nikanyamaza kusudi nisikie ataita jina la nani. Akasema, "Truda, rudisha mlango, upepo unaingia." Nikaurudisha. Nilikwenda kukaa na ndoo yangu nyuma ya nyumba mpaka nilipotulia.

Tangu siku hiyo natembea nikikanyaga kama ng'ombe. Kila mahali, ndani na nje, nagonga visigino mpaka mpishi kiziwi anageuka. Truda alidhani nimeumia nyonga.

Leo asubuhi nilikuwa bado uani, sijafika hata kizingitini, nikamsikia kutoka ndani:

"Domnola, sakafu ni ya watu. Utaivunja."

Binti yako wa kiroho,
Domnola